Urudiaji wa funksheni katika lugha ya J

Urudiaji wa funksheni katika lugha ya programu ya J ni kuitumia funksheni ileile mara nyingi juu ya safu, kila jawabu likiwa ingizo la mzunguko unaofuata. Huandikwa kwa alama ^: na idadi ya marudio. J ilibuniwa mwaka 1990 na Kenneth Iverson, Mkanada aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1979 kwa kazi yake ya lugha ya APL, akishirikiana na Roger Hui.

Gharama ya kila mzunguko

Kila funksheni inapoitwa, kifasiri hukagua aina na umbo la data. Safu ikiwa na namba milioni moja, ukaguzi huo ni kitu kidogo. Ikiwa na namba moja tu, ndio unaomeza sehemu kubwa ya muda. Kurudia mara nyingi juu ya data ndogo ni udhaifu wa kweli wa lugha hii.

Kupunguza mizunguko

Dawa bora ni kurudia mara chache. Kulia kwa ^: paweza kukaa orodha ya idadi, na hapo ndipo uzuri wa J unapojitokeza. Ili kupata kipeo cha 1000 cha matriksi M, huandikwa hivi, mp ikiwa kuzidisha matriksi:

mp =: +/ . *
mp/ mp~^:(I.|.#:1000) M

Matriksi hujizidisha yenyewe mara 9 hadi kipeo cha 512. Kwa kuwa 1000 ni 512+256+128+64+32+8, vipeo hivyo sita huunganishwa kwa kuzidisha mara 5. Jumla ni mara 14 badala ya 999. Namba za Fibonacci hupatikana hivyo kwa matriksi ya 2 kwa 2, ingawa tarakimu zinavyoongezeka kila kuzidisha huwa kuzito zaidi, na faida halisi huwa ndogo kuliko uwiano huo. Kwa kawaida kifasiri hakigundui njia hii chenyewe. Mwandishi wa programu ndiye anayejua kwamba katika kuzidisha matriksi mpangilio wa mabano hauathiri jawabu. Vipeo vya moduli, m&|@^, ndivyo vilivyotengewa msimbo maalumu.

Kikomo

^:_ hurudia mpaka jawabu lisibadilike. Kosaini ikianzia 1 hutulia kwenye 0.739085. Kila mzunguko huongezewa gharama ya kulinganisha safu nzima.

Kumbukumbu

^:a: huhifadhi kwenye kumbukumbu majawabu yote ya njiani.

Leseni

Msimbo wa J uliachiwa kwa leseni ya GPL mwaka 2011.