Kura ya Mapema Zanzibar: Ni ya Nani?

Kila uchaguzi ukikaribia, suali hili huulizwa majumbani. Baba ana safari, mama amelazwa, kijana yuko chuo Dar es Salaam. Jee, hawawezi kupiga kura ile ya mapema?

Hawawezi. Kura ya mapema imewekwa na Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Namba 4 ya 2018, na hupigwa siku moja tu kabla ya uchaguzi mkuu. Ilikuwa tarehe 27 Oktoba 2020, kisha tarehe 28 Oktoba 2025. Ni ya wale ambao kesho yake watakuwa kazini katika uchaguzi wenyewe: wasimamizi na wasaidizi wao, watendaji wa vituo, wajumbe na maofisa wa Tume, polisi walio zamu na watu wa ulinzi. Mke wa askari hamo, hata akiwa ndiye anayempeleka kituoni.

Jambo hili halikupita kimya. Upinzani uliikataa siku hiyo ya ziada, ukihofia itatumika kuchezea kura. Mwaka 2020 Maalim Seif Sharif Hamad, Allah amrehemu, akiwa mgombea urais wa ACT-Wazalendo, alikwenda kituoni siku ya kura ya mapema na akakamatwa na polisi. Anayetaka kujaribu bahati yake siku hiyo na alijue hilo kwanza.

Wengine huchanganywa na habari za jamaa walioko ng'ambo. Kule Minnesota, Marekani, mpiga kura yeyote huomba karatasi yake na kuirejesha kwa posta, bila ya kutoa sababu, kuanzia siku 46 kabla ya uchaguzi. Kwetu hakuna kura ya posta, wala ya kuwakilishwa. Mtanzania aliye Muscat au London hapigi kura akiwa huko. Kutumia kadi ya mzee aliyelala kitandani, hata kwa idhini yake, ni kosa la jinai. Asiyeona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemuamini, lakini lazima afike mwenyewe.

Linalowezekana ni kuhamisha taarifa. Aliyehama Wete akaishi Mjini aende kwa Tume wakati daftari linapoendelezwa, si wiki ya uchaguzi. Na mwenye safari ya hiari aitazame kalenda kabla ya kukata tiketi ya boti.