Ulinzi wa wanajeshi wa Marekani dhidi ya bunduki wakiwa nchini mwao

Askari wa Marekani anayerejea salama kutoka Iraki au Afghanistan huhesabiwa na jamaa zake kuwa amekwisha kutoka hatarini. Kumbukumbu za Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo zinaonyesha vinginevyo. Mnamo mwaka 2023 pekee, wanajeshi 523 wa Marekani walijiua, wakiwemo wa jeshi la kudumu, wa akiba na wa Walinzi wa Taifa, na katika karibu theluthi mbili ya vifo hivyo ilitumika bunduki. Silaha hizo, kwa sehemu kubwa kabisa, hazikutoka katika ghala la jeshi. Zilikuwa mali binafsi zilizonunuliwa dukani kama raia yeyote anavyonunua.

Hata hivyo, sera ya ulinzi wa wanajeshi ndani ya Marekani imeundwa zaidi na matukio ya aina nyingine, yaani mashambulizi ya wazi dhidi ya kambi na ofisi za jeshi. Tarehe 5 Novemba 2009, katika kambi ya Fort Hood, jimbo la Texas, daktari wa magonjwa ya akili mwenye cheo cha meja aliwafyatulia risasi askari waliokuwa wakikamilisha taratibu za kiafya kabla ya kupelekwa vitani. Watu 13 waliuawa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Mwezi Septemba 2013, mfanyakazi wa kampuni ya mkandarasi aliingia katika makao ya Jeshi la Wanamaji ya Washington Navy Yard kwa kitambulisho chake halali na kuua watu 12. Fort Hood ilishambuliwa tena Aprili 2014. Askari watatu waliuawa na mwenzao, ambaye kisha alijiua. Na tarehe 6 Desemba 2019, mwanafunzi wa urubani kutoka jeshi la anga la Saudi Arabia aliwaua mabaharia watatu katika kituo cha Pensacola, Florida, kwa bastola aliyoinunua kihalali kwa kutumia leseni ya uwindaji.

Ukiyatazama matukio hayo manne kwa pamoja, jambo moja hujitokeza: hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyevunja lango. Wote walikuwa na ruhusa ya kuwapo kambini. Ukuta, vizuizi vya magari na walinzi wa mlangoni vina faida yake. Mwezi Mei 2020 mlinzi wa kituo cha Corpus Christi, Texas, ingawa alikuwa amepigwa risasi, aliwahi kuinua kizuizi na kumzuia mshambuliaji asiingie ndani. Lakini vifaa hivyo havina la kufanya mbele ya mtu ambaye mlinzi humpigia saluti kila asubuhi.

Shambulio la Chattanooga, jimbo la Tennessee, la tarehe 16 Julai 2015, lilikuwa tofauti. Mtu wa nje alimimina risasi kwenye ofisi ya kuandikisha askari iliyo katika eneo la maduka, kisha akaendesha gari hadi kituo cha akiba cha Jeshi la Wanamaji, ambako askari wanne wa Marine na baharia mmoja walipata majeraha yaliyowaua. Tangu mapema miaka ya 1990, kanuni ziliruhusu silaha kambini kwa walinzi na polisi wa jeshi tu, wakiwa kazini. Baada ya Chattanooga kanuni hiyo ilipingwa vikali, na mwezi Novemba 2016 Wizara ya Ulinzi ilitoa agizo linalowapa makamanda mamlaka ya kumruhusu askari kubeba bastola yake binafsi kwa ajili ya kujilinda. Agizo hilo lina mantiki yake kwa ofisi ya kuandikisha askari iliyo nyuma ya vioo katikati ya mji. Kama jibu la tatizo zima, halitoshi, kwa kuwa idadi ya waliouawa katika mashambulizi yote yaliyotajwa hapa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya wanaojiua katika mwaka mmoja.

Ugumu wa kuufikia upande huo wa pili unatokana na sheria. Askari anayelala bwenini hulazimika kukabidhi bunduki yake binafsi katika ghala la silaha. Anayeishi uraiani na familia yake halazimiki. Sheria ya bajeti ya ulinzi iliyotiwa saini Januari 2011 ilikwenda mbali zaidi: iliizuia Wizara ya Ulinzi kukusanya taarifa zozote kuhusu bunduki ambazo askari anamiliki kihalali nje ya maeneo ya jeshi. Kwa muda wa miaka miwili, kamanda aliyemwona kijana wake akizama katika huzuni hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa hata kumuuliza iwapo ana bunduki nyumbani. Bunge lililegeza katazo hilo mwaka 2013, likawaruhusu makamanda na wataalamu wa afya kuuliza pale penye sababu ya msingi ya kuamini kwamba askari anaweza kujidhuru au kudhuru wengine. Kuanzia mwaka 2014 makamanda waliruhusiwa pia kumwomba askari wa namna hiyo aikabidhi silaha yake itunzwe kwa muda. Ni ombi, si amri.

Israeli ilichukua njia fupi zaidi. Mwaka 2006 jeshi lake liliamua kwamba askari wanaokwenda mapumziko ya mwisho wa juma waache bunduki kambini. Watafiti wa nchi hiyo walibaini baadaye kwamba kiwango cha kujiua miongoni mwa askari wa miaka 18 hadi 21 kilishuka kwa takriban asilimia 40, na upungufu ulikuwa katika siku za mwisho wa juma. Siku nyingine hakukuwa na badiliko la maana. Uswisi nako, baada ya mageuzi ya mwaka 2003 yaliyopunguza jeshi kwa karibu nusu na hivyo kupunguza bunduki zilizotunzwa majumbani, vifo vya kujiua vilipungua miongoni mwa wanaume wa umri wa utumishi. Hiyo haikuwashawishi Waswisi wote: katika kura ya maoni ya Februari 2011, zaidi ya nusu walikataa pendekezo la kuzirejesha bunduki zote za jeshi maghalani.

Tofauti ya kuzingatiwa ni kwamba bunduki za Israeli na Uswisi zilikuwa za jeshi, ilhali za Marekani ni za askari mwenyewe, na haki ya kuzimiliki inalindwa na Katiba. Kwa sababu hiyo kamati huru iliyoundwa mwaka 2022 na Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, ilijielekeza kwenye maduka yaliyomo ndani ya maeneo ya jeshi. Taarifa yake ya Februari 2023, yenye mapendekezo 127, ilitaka mnunuzi wa bunduki katika maduka hayo asubiri siku saba, na umri wa chini wa kununua upandishwe hadi miaka 25. Hoja yake ni kwamba dhamira ya kujiua mara nyingi huja kwa ghafla na kupita, na mtu akitenganishwa na silaha katika muda huo huwa na nafasi kubwa ya kuishi. Waziri alipotangaza mapendekezo aliyoyakubali, Septemba mwaka huo, hayo mawili hayakuwemo. Mkazo ulibaki kwenye elimu ya utunzaji salama, pamoja na matumizi ya sefu na kufuli za bunduki.

Suala hili linazigusa pia baadhi ya familia za Afrika Mashariki. Mpango wa jeshi la Marekani wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha maalumu, ulioanza mwaka 2009, ulikijumuisha Kiswahili, na wapo vijana wa ukanda huu wanaovaa sare za nchi hiyo. Askari aliye Marekani, au ndugu anayemhofia, anaweza kupiga simu namba 988 na kubonyeza 1 kwa saa zote 24 ili kuzungumza na mshauri anayehudumia wanajeshi na waliostaafu, na hahitaji idhini ya kamanda kufanya hivyo.