Banalia: Kikombe cha unga na kikombe cha chumvi haviko na uzito mmoja

Kwenye masoko ya Banalia, karibu kilomita 130 kutoka Kisangani, mizani ni kitu cha kutafuta. Mchuuzi ananunua mchele kwa mfuko, kwa kilo, kisha anauuza kwa kikombe. Mnunuzi naye anauliza kikombe ni franga ngapi, hajui kilo itamfikia kwa bei gani. Katikati ya kilo na kikombe ndipo feza za wengi zinapotelea.

Kilo inapima uzito, litri inapima nafasi. Ni maji tu ndiyo yanalingana pande zote mbili: litri moja ya maji ni kilo moja. Vingine vyote vina hesabu yake. Mtu akichukua kikombe kinachoingiza robo litri, akakijaza na kukikata juu kwa kisu bila kushindilia, atapata karibu gramu 200 za mchele. Maharagi ni vilevile, sukari inazidi kidogo. Lakini unga wa ngano hautafika hata gramu 140, ju una hewa mingi ndani. Chumvi safi inafika karibu 300. Kwa hiyo kilo ya mchele ni vikombe vitano, na kilo ya unga wa ngano ni vikombe saba na nusu ao vinane.

Kikombe cha kilima, kile mama muuzaji anaongezea juu mpaka kinamwagika, ni jambo lingine. Ni heshima kwa mteja, lakini hakuna vilima viwili vinavyolingana. Kuna pia vikombe vilivyobonyezwa chini. Kwa macho ni vilevile, ndani haviko sawa.

Mafuta ya mawese nayo yanadanganya. Bido ya litri 20 haina kilo 20, ina karibu kilo 18. Mwenye kulipa usafiri kwa kilo mpaka Kisangani, na kule anauza kwa litri, anapaswa kujua hiyo mbele ya kupanga bei.

Wanaoumia zaidi ni akina mama wanaokaanga beignet asubuhi. Siku hizi mapishi yanapitishwa kwenye simu: gramu 500 za unga, kijiko cha levire, maji kiasi fulani. Mtu anachukua chupa ya nusu litri, anaijaza unga, anafikiri ndiyo gramu 500. Kumbe ni nusu yake tu, ao zaidi kidogo. Akitia maji yote yaliyoandikwa, unga unakuwa uji, na kapitali ya siku hiyo imekwisha.

Mizani inaweza kutengenezwa nyumbani. Fimbo iliyonyooka inafungwa kamba katikati kabisa, na kila mwisho unatundikwa mfuko, yote miwili ya namna moja. Kwanza ihakikishwe kwamba fimbo inalala sawa mifuko ikiwa mitupu. Upande mmoja inawekwa chupa ya nusu litri iliyojaa maji, upande wa pili chupa tupu ya aina ileile, kisha unga unaongezwa huko mpaka fimbo ilale. Hizo ni gramu 500. Baada ya hapo mtu anahesabu unga ule ni vikombe vingapi vyake, anaandika ukutani, na hatahitaji kupima tena mpaka abadilishe kikombe.

Kuna mahali ambapo kukosea kipimo si hasara ya feza tu. Mtoto akiharisha na hakuna sashe ya dawa ya maji nyumbani, wazazi wanaweza kuchanganya wenyewe: litri moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu litri, vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ni kijiko kidogo cha chai, kilichokatwa juu. Kijiko kikubwa cha mezani kinaingiza mara tatu yake, na chumvi nyingi hivyo ni hatari kwa mtoto. Akiendelea kuharisha, akilegea ao akikataa kunywa, apelekwe kituo cha afya siku ileile.