Simu Kuukuu na Michezo Yake

Ubao wa bao uliochongwa zamani katika nchi ya Wamakonde haumkatai mchezaji wa leo. Mchezo wa nyoka nao, uliotoka na Nokia 6110 mwaka wa 1997, ulikaa ndani ya simu yenyewe, ukadumu muda iliodumu simu.

Mambo yaligeuka michezo ilipoanza kupakuliwa kutoka ghala za mbali. Mnamo Septemba 2017 Apple ilitoa iOS 11, na michezo ya biti 32 ikakoma kufunguka, hata iliyokwisha kununuliwa. Google ilifuata: tangu Agosti 2021 ghala lake haliipi simu ya biti 64 mchezo wa biti 32 pekee. (Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, wala hazijagombana.)

Ajabu ni kwamba iPhone 5 ya mwaka wa 2012, iliyonyimwa iOS 11, iliendelea kuifungua michezo hiyo. Basi mkulima wa korosho wa Mkomaindo, mjini Masasi, akinunua simu mpya baada ya mauzo na kuitupa kuukuu kwa kuwa inakataa michezo mipya, huenda akatupa pamoja nayo michezo ambayo simu mpya haitaipokea.