Daftari la Fitzroy na Warithi Wake

Klabu ya mpira ya Fitzroy, iliyoasisiwa mwaka 1883 katika kitongoji cha jina hilo kilichopakana na kitovu cha mji wa Melbourne upande wa kaskazini-mashariki, ilicheza mechi 1,928 katika ligi kuu ya Victoria, ambayo baadaye ilikuja kuwa ligi ya Australia nzima. Ikashinda 869, ikashindwa 1,034, ikatoka sare 25, na ikatwaa ubingwa mara 8 kabla ya kutoweka katika ligi hiyo mwaka 1996. Hesabu hizi hazina mgogoro. Mgogoro umo katika milki yake: klabu ikiisha kufilisika, wachezaji wake wakagawanywa, na nembo yake ikahamia mji mwingine ulio mbali zaidi ya kilomita 1,000, ushindi wake wa kale huwa ni wa nani? Wako wasemao kwamba ni wa yule aliyebeba nembo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba daftari la klabu ya kitongoji halisomeki bila ya kitongoji chenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo haliwezi kurithiwa na asiyekuwa wa pale, hata akiwa na mkataba mkononi.

Mchezo huo, kwa msomaji asiyeuzoea, ni ule ambao sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Wachezaji ni 18 kila upande, uwanja ni wa umbo la yai, na mpira, nao wa umbo la yai, huruhusiwa kushikwa kwa mikono. Mpira upigwao kwa mguu ukapita baina ya milingoti miwili mirefu huleta alama 6, na upitao baina ya mlingoti mrefu na mfupi huleta alama 1. Hayo yatosha.

Mwaka 1896 klabu nane, Fitzroy ikiwa mojawapo, zilijitenga na chama cha zamani cha Victoria zikaunda ligi yao, ambayo michezo yake ilianza mwaka uliofuata. Aghalabu zilikuwa klabu za vitongoji vilivyoweza kuendewa kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine, na tangu mwaka 1915 kanuni ya makazi ilifanya uhusiano huo kuwa sheria, kwa kuwa mchezaji aliyeishi katika eneo la klabu fulani alipaswa kuichezea klabu hiyo na si nyingine, ila kwa idhini. Kwa hiyo kijana wa Fitzroy hakuchagua klabu, kama vile asivyochagua mtaa wa kuzaliwa; na klabu nayo iliwapata watu wake wengi katika nyumba zilizobanana za wafanyakazi walioizunguka. Uwanja wake wa Brunswick Street, wenye jukwaa la mbao lililojengwa mwaka 1888 na ambalo lingali limesimama, ulikuwa kwa halaiki ile ni mahali pa kujijua wao ni nani.

Na tulitazame daftari lenyewe. Ubingwa ulipatikana mwaka 1898, 1899, 1904, 1905, 1913, 1916, 1922 na 1944. Msomaji apitishaye jicho juu ya orodha hii atauona mwaka 1916 kuwa ni mwaka kama mingine, ilhali ni mwaka wa ajabu kuliko yote katika taarikhi ya ligi ile. Vita Vikuu vilikuwa vimewachukua vijana, klabu tano zikaacha kucheza, zikabaki nne tu: Carlton, Collingwood, Richmond na Fitzroy. Katika mechi 12 za msimu Fitzroy ilishinda 2, ikatoka sare 1, ikashindwa 9, ikawa ya mwisho. Lakini kwa kuwa kanuni ilizipeleka timu nne katika michezo ya fainali, na timu zilizokuwako zilikuwa nne, ya mwisho nayo ikaingia. Huko iliishinda Collingwood, kisha Carlton, na Carlton ilipotumia haki yake ya kudai mechi ya marudio, ikashindwa tena. Mabingwa wakawa ndio wa mkiani. Wapo waandishi walioufanyia mzaha ubingwa huu, na mzaha wenyewe una haki yake. Lakini mimi nauona kuwa ni ithibati ya jambo kubwa zaidi, kwamba nambari ya ubingwa haina maana mpaka iambiwe ilipatikana wapi, lini, na nani hakuwapo.

Kadhalika nishani. Nishani ya Brownlow, apewayo mchezaji aliye bora na muungwana zaidi katika ligi, iliwafikia watu wa Fitzroy mara 8: Haydn Bunton mwaka 1931, 1932 na 1935, Wilfred Smallhorn mwaka 1933, Dinny Ryan mwaka 1936, Allan Ruthven mwaka 1950, Kevin Murray mwaka 1969 na Bernie Quinlan mwaka 1981. Tazama miaka sita ya 1931 hadi 1936: nishani tano kati ya sita zilikwenda kitongoji kimoja, na ubingwa haukwenda huko hata mara moja. Smallhorn baadaye alitekwa na Wajapani akafungwa katika kambi ya Changi, Singapore, na huko, miongoni mwa mateka waliodhoofika kwa njaa, alikuwa katika waliotayarisha ligi ya mpira, iliyokuwa na nishani yake yenyewe. Safu za daftari hazina nafasi ya habari kama hiyo.

Wala hazina nafasi ya habari ya Doug Nicholls. Kitabu kitakwambia kwamba alicheza mechi 54 baina ya mwaka 1932 na 1937, na kwamba mwaka 1935 aliichezea Victoria. Hakitakwambia kwamba mtu huyu, mwenyeji wa asili wa Australia wa kaumu ya Yorta Yorta, mfupi wa kimo na mwepesi wa mbio, alikuwa amekwisha kujaribu bahati yake Carlton akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, hata wakandaji wa timu wakakataa kumgusa; wala kwamba alipofika Fitzroy na kujitenga peke yake katika chumba cha kuvalia, Bunton, aliyekuwa ndiye mchezaji mashuhuri kupita wote katika mji, alikwenda akaketi kando yake. Nicholls baadaye alikuwa mchungaji wa kanisa katika mtaa wa Gore, humo humo Fitzroy, ambako wenyeji wa asili wengi walikuwa wakikusanyika; mwaka 1972 akapewa daraja ya Sir, akiwa wa kwanza wa watu wake kuipata, na mwaka 1976 akawa Gavana wa Australia Kusini. Mechi 54 si nyingi, kwani Kevin Murray alicheza 333. Lakini ukiniuliza ni mstari upi wa daftari lile ningeuokoa kwanza, nitauonyesha huu.

Sasa tuje kwenye maangamizi. Baada ya msimu wa 1966 klabu iliuhama uwanja wake, na kwa miaka thelathini iliyosalia ikawa mpangaji: Princes Park, kisha Junction Oval, kisha Victoria Park, kisha Princes Park tena, mwisho Western Oval, na katika mwaka 1991 na 1992 ikapeleka baadhi ya mechi zake za nyumbani mpaka Hobart, kisiwani Tasmania. Haikosi kwamba ilipata fahari katika uhamisho huo. Mwaka 1979 iliishinda Melbourne kwa alama 238 dhidi ya 48, na tofauti hiyo ya alama 190 haijavukwa mpaka leo. Lakini mpangaji hulipa kodi, wala hapati faida ya langoni, na watu wake huchoka kumfuata. Madeni yalipozidi, klabu ilikopa dola 1,250,000 za Australia kutoka shirika la bima la Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki kilichotajirika kwa fosfati na ambacho watu wake huupenda mchezo huu kupita michezo yote. Mwaka 1994 baraza la mji wa Fitzroy lenyewe lilifutwa likaunganishwa na majirani zake, na mwishoni mwa Juni 1996 mdai wa Nauru akamweka msimamizi juu ya klabu. Mapatano ya kuungana na North Melbourne yalikataliwa na klabu nyingine zilizohofia kuzaliwa timu yenye nguvu kupita kiasi, na badala yake Fitzroy ikaunganishwa na Brisbane Bears. Mechi ya mwisho, tarehe 1 Septemba 1996, ilichezwa Perth dhidi ya Fremantle, na Fitzroy ikashindwa kwa alama 86.

Brisbane Lions, kama ilivyoitwa klabu iliyozaliwa, ilitwaa ubingwa wa 2001, 2002 na 2003 mfululizo, na watetezi wake hudai kwamba huo ni mwendelezo wa nasaba ya Fitzroy. Hoja yao si ya kudharauliwa: simba wa nembo ni yuleyule, wachezaji wanane walivuka, na wapo wazee wa Fitzroy walioyatoa machozi ya furaha mwaka 2001. Lakini kurithi mali ni jambo moja, na kurithi matendo ni jambo jingine. Nembo huuzika, deni hulipika, mchezaji huhamishika. Kitendo cha Bunton cha kuketi kando ya Nicholls hakihamishiki, kwa kuwa kilitendeka mahali, baina ya watu ambao klabu ya kitongoji iliwakutanisha. Maadamu ligi yenyewe inaandika ubingwa wa Fitzroy mahali pake na wa Brisbane Lions mahali pake, imeamua kwa haki. Tangu mwaka 2009 jina la Fitzroy lachezewa tena katika uwanja wa Brunswick Street, katika ligi ya ridhaa ya Victoria, pasi na malipo. Wanaolichezea nao, kwa maoni yangu, si wamiliki wa daftari, ila ni walezi waliolikaribia zaidi. Kwa hiyo nawasihi wanaochapa majedwali ya mchezo huu kwamba, kando ya kila mwaka wa ubingwa, waandike jina la uwanja wa nyumbani na la kitongoji, ili msomaji wa kesho ajue ushindi ule ulikuwa wa watu gani.