Asidi iliyokuja kulinda magego

Mtoto akikaribia miaka sita, magego yake ya kwanza ya ukubwani huchomoza nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Wazazi wengi hudhani nayo yatang'oka. Juu yake kuna mifereji myembamba ambayo hata unywele wa mswaki haufiki chini, na humo ndimo uozo hupenda kuanzia.

Madaktari wa meno waliujua udhaifu huo zamani. Tiba yao ndiyo ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1923 Thaddeus Hyatt wa Marekani alipendekeza mifereji ichongwe ingali mizima, kisha ijazwe amalgamu. Jino litobolewe lisije likatoboka! Lakini tusimcheke sana: wakati ule hakukuwa na kitu cha kushika juu ya jino bila kulichimba.

Jawabu lilitoka kwa wapaka rangi. Viwandani, chuma kilipakwa kwanza asidi ya fosfori ili rangi ishike. Michael Buonocore, wa Eastman Dental Dispensary mjini Rochester, New York, aliijaribu mbinu hiyo kwenye meno ya mbele ya watu: akapaka asidi kwa sekunde 30, akasuuza, akaweka tone la plastiki ya akriliki. Matokeo aliyachapisha mwaka 1955. Kwenye meno yasiyopakwa asidi, tone lilibanduka baada ya wastani wa saa 11. Kwenye yaliyopakwa lilidumu saa 1,070. Asidi, silaha ileile ya bakteria, ilikuwa imefungua vitundu visivyoonekana kwa macho, na plastiki ikajishikiza humo.

Mwaka 1967 Buonocore na E. Cueto walitangaza kwamba wameziba mifereji ya magego kwa gundi ya jamii ya supagluu, na uozo ukapungua sana. Gundi hiyo haikuweza kudumu kinywani. Iliyodumu ni resini aliyoibuni mtafiti Rafael Bowen, na chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliukubali utandu wa kuziba mifereji mwaka 1976. Hata hivyo madaktari wengi waliendelea kusita, wakihofu kufungia bakteria ndani.

Resini ina masharti: jino liwe kavu kabisa, na taa ya kuigandisha mara nyingi hutaka umeme. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme. Baadaye mbinu hiyo ilitumia saruji ya glasi-ayonoma, iliyobuniwa London, ambayo huvumilia unyevu: daktari huikandamiza kwa kidole, ikaziba tundu pamoja na mifereji ya jirani. Shirika la Afya Duniani liliinadi mbinu hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji yenyewe ikaingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.