Kabla ya suruali ya bungeni, kulikuwa na Operesheni Vijana

Jumanne ya Juni 1, 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni Dodoma kwa sababu ya suruali. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, akamtolea mfano mwenzake aliyevaa blauzi ya njano. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamwagiza atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Wabunge wanawake wakaja juu, wakitaka mwenzao aombwe radhi. Nchi nzima ikabishana kama suruali ile ilibana au haikubana.

Wachache walikumbuka kuwa ugomvi huo una zaidi ya nusu karne.

Enzi za ukoloni, nguo ya kazi ilimwonyesha mtu ngazi yake: askari na kaptula ya kaki, boi na kanzu nyeupe, karani na shati lililopigwa pasi. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana mwaka 1962, na taratibu viongozi wakaacha tai wakavaa suti za Kaunda.

Moto uliwaka Oktoba 1968. Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku minisketi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana yalianza kuwaandama wanawake Kariakoo, hasa kwenye mabasi, hadi polisi wakaingilia kati.

Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyepekua magazeti ya siku hizo kwa ajili ya kitabu chake cha 2011, Cultured States, anaona kuwa urefu wa sketi ulikuwa nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ilikuwa ajira. Mwanamke wa minisketi machoni pa wengi alikuwa taipisti au sekretari: msichana mwenye mshahara wake, anayepanda basi asubuhi kwenda ofisini mjini. Vijana wa kiume waliotoka mikoani bila kazi walimtazama kwa wivu, wakamwona kuwa kipenzi cha wakubwa wa maofisini, wale walioitwa naizesheni. Operesheni ikawapa ruhusa ya kumkomoa yeye. Mkubwa mwenyewe alibaki na gari lake na suti yake.

Barua zilimiminika magazetini. Wapo waliounga mkono, wakisema mini ni uchafu wa kibeberu. Wapo waliohoji utamaduni gani unaolindwa, ikiwa mababu zetu walivaa ngozi fupi kuliko sketi hizo. Swali gumu zaidi lilitoka kaskazini. Serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwabana Wamasai waache rubega na kuvaa suruali, ili waonekane wamestaarabika. Kwa hiyo Mmasai wa Arusha alikosea kwa kushika mila, na taipisti wa Dar es Salaam akakosea kwa kuiacha. Sijasoma jibu la kuridhisha kwa hoja hiyo hadi leo.

Marufuku ilipoa bila kumaliza mini, na mitindo mingine ikaja. Mwaka 2007 ukatoka Waraka Namba 3 wa mavazi ya watumishi wa umma. Mabango yenye picha za nguo zisizoruhusiwa yakabandikwa kwenye mageti ya ofisi. Uganda ilitoa mwongozo kama huo mwaka 2017. Novemba 2023, Spika wa Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku bungeni hata suti ya Kaunda, vazi la wakombozi, ingawa Rais William Ruto mwenyewe hulivaa.

Siyo kwamba kazi haihitaji utaratibu. Fundi wa mashine asivae nguo ya kuning'inia, na muuguzi ana sababu ya kufupisha kucha. Kanuni za aina hiyo zina sababu inayoelezeka, na zinamhusu bosi na mhudumu sawasawa. Shida ni neno "heshima" linapoandikwa peke yake: futikamba inabaki mkononi mwa mkubwa, na anayepimwa kwanza ni mwanamke wa ngazi ya chini. Mwaka 1968 alikuwa taipisti. Mwaka 2021 hata ubunge haukumkinga Sichalwe. Waraka ujao, kama upo, uandaliwe na makatibu muhtasi wakiwa mezani.